Je, Makaa ya Mawe Yaweza Kutupa Mbolea?

Wakulima wengi wamesikia habari za makaa ya mawe yaliyo chini ya ardhi katika bonde la Mui, Kitui. Wakati huo huo wameona jinsi bei ya mbolea inavyoweza kuruka kwa msimu mmoja tu. Basi huuliza swali ambalo si la kipumbavu hata kidogo: ikiwa nchi nyingine hutengeneza urea kwa makaa ya mawe, kwa nini sisi tusiyachimbe yetu tukajitengenezea mbolea hapa hapa? Jibu la kwanza ni kwamba kazi hiyo yawezekana, wala si jambo jipya. Jibu la pili ni refu zaidi, nalo lahusu fedha, maji, jivu na moshi.

Kwanza tuliangalie gunia lenyewe. Gunia la urea la kilo 50 lina kilo 23 za naitrojeni, ambayo ndiyo chakula kinachoyafanya majani ya mahindi yawe ya kijani kibichi. Naitrojeni imejaa kila mahali. Katika kila sehemu 100 za hewa tunayovuta, 78 ni naitrojeni. Lakini mahindi hayawezi kuila ikiwa hewani, kama vile mtu mwenye njaa asivyoweza kula nafaka iliyo katika ghala lililofungwa, na ufunguo hana. Maharagwe, kunde na mbaazi huupata ufunguo kwa msaada wa vijidudu vinavyokaa katika vifundo vya mizizi yake. Kiwandani ufunguo ni haidrojeni. Naitrojeni ikiunganishwa na haidrojeni hupatikana amonia, na amonia ndiyo mama wa urea, wa CAN, wa salfeti ya amonia, na wa ile naitrojeni iliyomo katika DAP.

Haidrojeni hiyo yatoka wapi? Viwanda vingi vya dunia huitoa katika gesi ya asili. Nchi yenye gesi kidogo na makaa mengi yaweza kuitoa katika makaa, na China hufanya hivyo kwa sehemu kubwa ya amonia yake.

Namna yenyewe si vigumu kuielewa. Kila mama anajua hatari ya kulala na jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa. Makaa yakikosa hewa ya kutosha hayaungui sawasawa, bali hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iitwayo kabonimonoksaidi, nayo huua watu usingizini. Sasa hewa hiyo ya sumu ndiyo hasa wenye viwanda wanayoitafuta. Hutia makaa ya mawe katika tanuru iliyofungwa, wakayapa oksijeni kidogo tu pamoja na mvuke wa maji, katika joto la zaidi ya digrii 1,000. Maji, kama tunavyowafundisha watoto shuleni, ni haidrojeni na oksijeni. Katika joto lile kaboni ya makaa huinyang'anya maji oksijeni yake, na haidrojeni huachwa huru. Kinachotoka juu ya tanuru ni mchanganyiko wa haidrojeni na kabonimonoksaidi, pamoja na lami, salfa na uchafu mwingine ambao lazima uondolewe.

Mchanganyiko huo ni kama unga wa mahindi, maana mwenye nao aweza kupika uji, au ugali, au kitu kingine atakacho. Ukipikwa kwa njia moja, hutoa gesi ya kupikia. Ukipikwa kwa njia waliyoivumbua Wajerumani Fischer na Tropsch katika mwaka 1925, hutoa petroli na dizeli. Ukizidishiwa mvuke, haidrojeni huongezeka. Kisha haidrojeni huunganishwa na naitrojeni chini ya mkandamizo mkubwa, na amonia hupatikana. Fritz Haber alionyesha jambo hilo mwaka 1909, Carl Bosch akalifanya kuwa kazi ya kiwanda, na kiwanda cha kwanza kilianza Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Haidrojeni yake ilitokana na makaa ya mawe. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba ni ufundi wa kubahatisha, kwani umetimiza zaidi ya miaka 100.

Basi ikiwa ufundi wajulikana, kizuizi ni nini? Yafaa tutazame kiwanda kimoja ambacho habari zake zina mafunzo mengi. Kiko karibu na mji mdogo wa Beulah, katika jimbo la North Dakota, Marekani, nchi ya wakulima wa ngano. Chini ya mashamba yao kuna makaa ya namna iitwayo lignaiti. Haya ni makaa machanga, na zaidi ya robo ya uzito wake ni maji, hata hayafai kusafirishwa mbali. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafula mwaka 1973, Wamarekani waliogopa kwamba gesi yao ya asili ingekwisha. Makampuni matano yakaungana, Serikali ikawadhamini mkopo, na mwaka 1984 kiwanda kikaanza kupeleka gesi katika mabomba. Kilikuwa na tanuru 14, nacho kilikula zaidi ya tani 15,000 za makaa kila siku. Gharama ya kukijenga ilikuwa karibu dola milioni 2,100.

Mitambo ilifanya kazi vizuri, na hilo ndilo jambo la kushangaza katika habari hii. Kilichoanguka ni bei. Gesi ya asili ambayo watu walidhani ingekwisha ikapatikana tele, bei yake ikashuka, na gesi ya makaa ikawa ghali kupita ile inayotoka ardhini yenyewe. Mwaka 1985, mwaka mmoja tu baada ya kufungua milango, wenye kiwanda waliacha kulipa deni lao wakaondoka, na mzigo ukamwangukia mdhamini, yaani Serikali. Mwaka 1988 kiwanda kiliuzwa kwa dola milioni 85, pamoja na mapatano ya kugawana faida baadaye. Mkulima na afanye hesabu: ni kama mtu aliyejenga nyumba kwa shilingi 1,000,000, ikauzwa kwa shilingi 40,000.

Aliyekinunua alikuwa chama cha ushirika. Basin Electric ni ushirika wa umeme ulioanzishwa mwaka 1961, na wanachama wake ni vyama vidogo vya umeme vya watu wa mashamba. Ushirika huo haukuweza kuishi kwa gesi peke yake, kwa hiyo ulianza kuuza kila kilichotupwa. Makaa ya vumbi, ambayo tanuru haziyapendi, hupelekwa kuchomwa katika kituo cha umeme kilicho jirani. Salfa iliyokuwa ikichafua hewa ikageuzwa kuwa salfeti ya amonia. Katika miaka ya 1990 wakaanza kutengeneza amonia ya kuuzia wakulima, na mwaka 2018 wakaongeza mtambo wa urea. Hata kabonidayoksaidi, ile hewa tuitoayo puani, waliipatia mnunuzi: tangu mwaka 2000 imesafirishwa kwa bomba la maili 205 hadi Weyburn, Kanada, ambako husukumwa chini ya ardhi ili kuyatoa mafuta yaliyobaki. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu ya kuigwa. Lakini tukumbuke kwamba ushirika ulifanikiwa baada ya mtu mwingine kulipa gharama ya kujenga.

Habari za India zaonyesha vizuizi vya namna nyingine. Mwaka 1980 Serikali ya huko ilifungua viwanda viwili vya urea vilivyotumia makaa ya mawe, kimoja Talcher na kimoja Ramagundam. Makaa ya India yana jivu jingi sana, nalo huziba na kula mitambo. Tena umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara. Mpishi wa chapati aweza kungoja moto urudi, lakini tanuru ya namna hii ikizimika ghafula, kuirudisha ni kazi ya siku nyingi. Viwanda vyote viwili vilifungwa baada ya miaka kama ishirini ya kuchechemea. Baadaye Serikali iliamua kuvifufua. Ramagundam ilianza tena mwaka 2021, ila sasa kwa gesi ya asili. Talcher peke yake ndiyo iliyopewa makaa. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 2018, na ujenzi ukachelewa kupita tarehe zilizotangazwa kwanza.

Afrika ya Kusini ndiyo yenye ujuzi mrefu katika bara letu. Shirika la Sasol lilianzishwa mwaka 1950, na kutoka mwaka 1955 limekuwa likigeuza makaa kuwa mafuta na madawa ya viwandani. Huko pia, bomba la gesi kutoka Msumbiji lilipofika mwaka 2004, kiwanda cha Sasolburg kiliyaacha makaa kikashika gesi. Kiwanda kikubwa cha Secunda kiliendelea na makaa, nacho hutajwa miongoni mwa mahali panapotoa kabonidayoksaidi nyingi kuliko pengine popote duniani. Amonia ya makaa hutoa hewa hiyo karibu mara mbili ya amonia ya gesi. Mkulima aliyeona mvua za vuli zikikosa mfululizo hana haja ya kuelezwa kwa nini jambo hili linahesabiwa sasa kuliko zamani.

Sasa turudi Mui. Serikali ilitangaza kwamba katika sehemu moja tu ya bonde hilo, iitwayo C, kuna tani milioni 400 za makaa. Mwaka 2013 mapatano yalitiwa sahihi na kampuni ya China, lakini makaa hayajaanza kuchimbwa kwa biashara. Mabishano mengi ya makaa nchini Kenya yamehusu kuyachoma ili kupata umeme, kama ilivyokuwa Lamu, ambako mwaka 2019 baraza la mazingira lilibatilisha kibali cha kituo kilichokusudiwa. Habari ya mbolea imetajwa kidogo tu, nami naona ilistahili kutajwa zaidi, hata kama jibu lake ni gumu.

Ugumu wa kwanza ni ukubwa wa kiwanda. Kile cha Talcher kimepangwa kutoa tani 1,270,000 za urea kwa mwaka, ambayo ni magunia zaidi ya milioni 25. Kenya haijapata kutumia urea kiasi hicho. Kiwanda kidogo hujengeka, lakini mbolea yake huwa ghali, kwa kuwa gharama ya mitambo hugawanywa kwa magunia machache. Tena mkulima wetu hupanda kwa DAP, na fosfeti ya DAP haitoki katika makaa hata uyachome namna gani.

Ugumu wa pili ni maji. Kiwanda cha North Dakota hunywa kutoka ziwa Sakakawea, lililotengenezwa kwa kuuzuia mto Missouri. Mui ni nchi kavu ya ndengu, mtama, mbuzi na mizinga ya nyuki. Hata mji wa Mwingi hupata maji ya bomba kutoka Kiambere, katika mto Tana. Tanuru ingekunywa kutoka kisima cha nani?

Ugumu wa tatu ni watu wenyewe. Makaa yako chini ya mashamba, makaburi na shule zao. Kabla ya mtu yeyote kuweka alama ya kidole katika karatasi, yafaa aulize barazani mambo haya bila haya: kipimo cha jivu na salfa katika makaa haya ni kipi, bei ya gesi ikishuka, deni litalipwa na nani, jivu litamwagwa wapi, na shamba lake atalipwa kwa ardhi au kwa fedha, tena kabla ya kuhama au baada yake.

Wakati huo huo dunia inajaribu ufunguo mwingine. Huko Kwekwe, Zimbabwe, haidrojeni ya mbolea ilitolewa katika maji kwa nguvu za umeme kwa miaka mingi, mpaka kazi hiyo ikakoma mwaka 2015 kwa sababu ya ughali wa umeme. Karibu na Naivasha, tangu mwaka 2023, kuna mtambo mdogo shambani unaofanya jambo lilo hilo kwa jua, uliokusudiwa kutoa tani moja ya amonia kwa siku. Ni kidogo sana, lakini hautaki mgodi.

Mwaka 2022 gunia la DAP lilipita sh. 6,000 kabla Serikali haijaingilia kati na kuuza mbolea ya ruzuku kwa sh. 3,500, kisha sh. 2,500 mwaka 2023. Mambo mawili yaliipandisha: China kuzuia mbolea yake isitoke tangu mwishoni mwa mwaka 2021, na vita vya Ukraine. Hakuna lolote kati ya hayo ambalo mkulima wa Kitui au Trans Nzoia angeweza kulizuia. Lakini urea aliyokwisha kuinunua aweza kuizuia isimkimbie. Urea iliyotupwa juu ya udongo bila kufukiwa, hasa jua likiwa kali, hurudi hewani ikiwa amonia. Ile harufu kali inayochoma pua ni fedha zake zinazokwenda zake. Basi aitie wakati udongo una unyevu, mbali kidogo na shina, aifukie inchi mbili, tena kwa mafungu mawili: mahindi yafikapo magotini, na mara ya pili kabla hayajatoa mbelewele.