Nasuri si laana, ni jeraha la kucheleweshwa

WAHENGA walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Kauli hiyo ni kweli, lakini haiulizi ni kwa nini mgonjwa ameyaficha. Katika kaunti za Migori na Homa Bay wako akina mama waliouficha ugonjwa wa nasuri ya uzazi kwa miaka mingi, kwa kuwa wanajua fika jinsi watakavyotazamwa ukijulikana.

Nasuri hutokea pale uchungu wa uzazi unapodumu siku mbili au tatu bila msaada. Kichwa cha mtoto huikandamiza nyama laini kwenye mfupa wa nyonga, damu hukosa kupita, na nyama hiyo hufa. Baada ya siku chache hubaki tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi, na mkojo huvuja usiku na mchana. Mara nyingi mtoto naye huwa amekwisha kufa. Mama hurudi nyumbani na misiba miwili.

Tangu hapo huamka kabla ya wengine ili afue matandiko. Hupunguza kunywa maji akidhani atakauka, kumbe mkojo mzito humchoma ngozi zaidi. Matatu hapandi, akiogopa abiria watakaofungua madirisha. Kanisani huketi karibu na mlango, hatimaye huacha kwenda. Aliyekuwa akiuza omena sokoni huwaona wateja wakimpita. Wako wanaorudishwa kwao na waume zao, huku majirani wakinong'ona kuwa hiyo ni chira, adhabu ya aliyevunja mwiko.

Ikiwa ni chira, mbona haikuchagua kabila wala rangi? Kati ya 1845 na 1849, huko Alabama, Marekani, daktari J. Marion Sims alijifunza kuishona nasuri kwa kuwapasua watumwa weusi bila dawa ya usingizi. Mmoja wao, Anarcha, alipasuliwa mara 30 hivi. Mnamo 1855 daktari huyo alisaidia kufungua hospitali ya wanawake mjini New York, ambako wanawake wa Kizungu, wakiwemo wahamiaji maskini kutoka Ayalandi, walitibiwa maradhi yale yale. Leo nasuri ya uzazi ni nadra sana katika nchi hizo. Miili ya wanawake wao haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mama mwenye uchungu hufikishwa kwenye chumba cha upasuaji kwa wakati.

Hapo ndipo penye kasoro yetu. Mama wa kisiwa cha Remba au Mfangano akishikwa na uchungu usiku, hungoja mashua, upepo na nauli. Kule Kuria, msichana aliyekeketwa na kuozwa kabla ya nyonga yake kukomaa hutiwa hatarini na wale wale wanaopaswa kumlinda, ilhali sheria ya 2011 inakataza ukeketaji na ile ya 2014 inataka mwolewa awe ametimiza miaka 18. Mnamo Juni 2013 serikali iliondoa ada za kujifungua katika hospitali za umma. Lilikuwa jambo jema, lakini kuondoa ada mlangoni hakumfai asiyeufikia mlango.

Tangu 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo ni wajibu wa magavana na mabunge ya kaunti kutenga fedha za mashua na magari ya wagonjwa yenye mafuta, na kuhakikisha chumba cha upasuaji hakifungwi usiku. Wahudumu wa afya ya jamii nao wafundishwe kuuliza kwa upole, maana nasuri changa huweza kuziba kwa mpira wa mkojo uliowekwa mapema, na iliyokomaa hushonwa. Wanawake wengi wamepona hivyo katika hospitali ya nasuri ya Eldoret, na katika ile iliyofunguliwa mjini Addis Ababa mnamo 1974 na Catherine Hamlin na mumewe Reginald.

Viongozi wa dini, machifu na wazee wa ukoo wayaseme haya hadharani. Mwanamke asiyejua kuwa ugonjwa wake una tiba hawezi kulaumiwa kwa kuuficha. Lawama ni ya anayejua akanyamaza.