Je, Wajua? Kuhe Hutaga Mara Moja Tu Maishani

Je, wajua kwamba samaki mkubwa kuliko wote wa jamii ya sato na perege duniani anaishi katika ziwa lile lile linalopiga mawimbi Ikola na Karema, mkoani Katavi? Ni kuhe. Hapatikani kwingine ila Ziwa Tanganyika, na akikomaa huweza kupita sentimita 60.

Uzazi wake unashangaza zaidi. Jike hutaga maelfu ya mayai, kisha yeye na dume huyalinda pamoja, na mayai yakianguliwa huwalinda watoto. Siku zote hizo wazazi hawali. Hukonda, huishiwa nguvu, na waliowachunguza wanaeleza kuwa wakishalea uzao huo mmoja, hufa.

Tofauti na kuhe, Marekani na Kanada kuna samaki aitwaye muskellunge, anayefikia zaidi ya mita moja. Zamani aliyemnasa alimkausha na kumtundika ukutani. Siku hizi wavuvi wengi wa burudani humpiga picha na kumrudisha majini. Wana hoja nzito, kwa kuwa samaki huyo hukawia kukua, na akiachwa hai huzaa tena na tena. Utafiti wa mwaka 2018 uliohusisha zaidi ya spishi 300 za baharini ulionyesha kuwa, kwa spishi nyingi, jike mmoja mkubwa huchangia uzazi zaidi kuliko majike kadhaa wadogo wenye jumla ya uzito ule ule.

Hoja hiyo inawafaa samaki wengine wa Tanganyika, sangala na nonzi, ambao nao huzaa zaidi ya mara moja. Nonzi tayari yumo katika orodha ya kimataifa ya samaki walio hatarini kutoweka. Kwa kuhe mambo hubadilika. Kuhe mnene aliyenaswa huenda hajataga hata mara moja, na ukimla umekula uzao wake wote. Aliyenaswa akiwa juu ya watoto wake ni lazima arudishwe pale pale, tena upesi, kwa sababu dakika chache za kupiga picha zinawatosha samaki wengine kuwameza watoto hao. Kwa maoni yangu, mvuvi wa burudani asimtupie ndoano kabisa kuhe anayelea.

Kumrudisha samaki nako si kumwokoa kila mara. Anayevutwa haraka kutoka kina kirefu huweza kuvimba kibofu cha hewa, kuelea tumbo juu na kufa. Uswisi sheria inakataza kuvua kwa nia ya kuachia: kumtesa samaki usiyetaka kumla kumehesabiwa kuwa ukatili.

Lakini mwenye mtumbwi pale Karema havui kwa ajili ya picha. Sangala mkubwa kwake ni ada ya mtoto, na si haki kumtaka amwachie peke yake kwa hasara yake. Ndiyo maana naona uzito katika hatua ya mwaka 2024, shughuli za uvuvi ziwani ziliposimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15: mzigo ulibebwa na wote kwa wakati mmoja. Kinachofuata kudhibitiwa ni kokoro, wavu unaokokotwa hadi ufukoni. Watoto wa nonzi na sangala hukulia kwenye majani ya maji karibu na ufuko, na kokoro likivutwa hapo huwazoa kabla hawajafika hata urefu wa kiganja.