Iqaluit hadi Nuuk: kilomita 820 zinazogeuka 8,000

Msomaji anayetaka kujua kwa nini bei za kaskazini ya mbali hazishikiki asianzie dukani. Aanzie uwanja wa ndege.

Tuchukue miji miwili. Iqaluit, makao makuu ya Nunavut nchini Kanada, ilikuwa na wakazi 7,429 katika sensa ya 2021. Nuuk, makao makuu ya Greenland, ina watu wapatao 20,000. Hakuna barabara inayouunganisha mmojawapo na mji mwingine wowote. Iqaluit hupokea meli za shehena miezi michache tu ya kiangazi, barafu ikishaachia njia. Muda uliobaki ni ndege.

Anayepima umbali kwa rula juu ya ramani ya ukutani ataumia. Miji hii imeachana kwa digrii 17 hivi za longitudo. Kwenye ikweta, digrii moja ni kilomita 111, kwa hiyo hesabu ya haraka inatoa karibu kilomita 1,900. Lakini mistari ya longitudo hubanana kadiri inavyokaribia Ncha ya Kaskazini, na kwenye latitudo ya 64 digrii moja haifiki hata kilomita 50. Umbali halisi wa angani ni kilomita 820 hivi. Ndege ndogo ya pangaboi huumaliza kwa muda usiozidi saa mbili.

Huo ni umbali wa ndege. Umbali wa tiketi ni mwingine. Pasipo safari ya moja kwa moja, abiria wa Iqaluit hushuka kusini kilomita 2,100 hadi Ottawa, akaunganisha Toronto, akavuka kilomita 4,200 hadi Keflavik huko Iceland, kisha akarudi magharibi kilomita 1,400 hadi Nuuk. Jumla ni karibu kilomita 8,000, bila kuhesabu hoteli za njiani.

Kwa nini basi njia fupi haidumu? Air Greenland iliianzisha mwaka 2012 ikaiacha baada ya misimu michache. Juni 2024 ilirudi kwa ushirikiano na Canadian North, mara moja kwa wiki, kwa kiangazi tu, na ndege ya viti 37. Mafuta, marubani, ada za kutua na kusafisha theluji hulipwa hata kama viti 20 ni vitupu, na wateja wa miji yote miwili hawajai uwanja mmoja wa mpira.

Novemba 2024 Nuuk ilifungua njia mpya ya kurukia yenye mita 2,200 badala ya 930 za awali, na ndege kubwa zikaanza kutoka Copenhagen moja kwa moja. Kwa maoni yetu, hilo linaivuta Nuuk mashariki zaidi kuliko kuisogeza kwa jirani yake.

Kwa wenye mizigo, kilomita si hesabu pekee. Shehena ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, kutegemea kipi ni zaidi, na kwa kawaida sentimita za ujazo 6,000 huhesabiwa kilo moja. Katoni ya nepi ya sentimita 60 kwa 50 kwa 40 yaweza kuwa na kilo 8 kwenye mizani. Italipiwa kilo 20, na kilo 12 za hewa zitaingia kwenye bei ya nepi.