Kusikia Kwetu na Vitenzi Vitatu vya Kifaransa

Binti wa miaka tisa amefungwa kitambaa machoni. Mbele yake, kwenye kisosi, nimeweka punje mbili za iliki nilizozitwanga muda uleule. Anainamisha kichwa, anavuta pumzi, uso unamchanua. "Madame," ananiambia kwa uhakika, "j'entends la cardamome!"

Darasa zima limemwelewa, nami nimemwelewa. Mfaransa angeduwaa. Kwake sentensi hiyo ina maana moja tu: iliki imetoa sauti, na masikio ya binti yameinasa.

Nimefundisha Kifaransa kwa watoto kwa miaka mingi, na kosa hili hunirudia kila mwaka. Halitokani na uzembe. Mtoto amefikiri sawasawa, ila amefikiri kwa lugha yake. Kwa Kiswahili tunasikia kengele, tunasikia harufu, tunasikia baridi, njaa, usingizi na maumivu. Kitenzi kimoja kinahudumia karibu milango yote ya fahamu isipokuwa macho. Wala hatuko peke yetu: Kinyarwanda kina "kumva" na Kilingala kina "koyoka", vitenzi vinavyobeba mzigo uleule. Kwa hiyo mtoto wa Bukavu, ambaye Kifaransa ni lugha ya ubaoni kwake, na mtoto wa Dar es Salaam anayekijifunza kama lugha ya kigeni, wote wanajikwaa kwenye kisiki kimoja.

Mazoea ni kulianza somo la hisi tano kwa majina: la vue, l'ouïe, l'odorat, le goût, le toucher. Watoto wanayakariri, wanayaimba, wanapata alama zote. Siku ya pili ukimuuliza mmoja wao chakula kinanukiaje, ananyamaza. Amepewa majina ya milango, hakupewa ufunguo. Ufunguo ni vitenzi, na cha kwanza kushughulikiwa ni hicho hicho "kusikia".

Ubaoni nakiandika katikati, kisha nakichorea mishale mitatu. Mshale wa kwanza unakwenda kwenye "entendre", ambayo ni ya sauti peke yake: j'entends la cloche, nasikia kengele. Wa pili unakwenda kwenye "sentir", ya harufu na ya yale yanayofika kwenye ngozi: je sens une odeur, je sens le vent. Kitenzi hicho hicho kinafika hadi kwenye hali ya mwili na moyo, kwani "je me sens bien" ni "najisikia vizuri" ya kwetu kabisa. Mtoto akiniuliza sentir ni nini, namwambia: ni kusikia kwetu, ukitoa masikio.

Mshale wa tatu unakwenda mahali asipotarajia, kwenye "avoir", kuwa na. Mfaransa hasikii njaa, anayo. J'ai faim, j'ai soif, j'ai froid, j'ai sommeil. Hapa Kiswahili kinatupa daraja bila kuombwa, kwa sababu sisi pia tunasema "nina njaa" na "nina kiu". Mtoto akishaona kwamba "nina njaa" na "j'ai faim" zimejengwa kwa namna moja, baridi na usingizi anaziongeza mwenyewe kwenye safu hiyo.

Kwingine lugha hizi mbili zinakubaliana, na mwalimu asiache neema hiyo impite. Sisi tunatofautisha kuona na kutazama, kusikia na kusikiliza. Kifaransa nacho kina voir na regarder, entendre na écouter. Bodaboda ikipita nje ya dirisha, j'entends une moto, kwa kuwa sauti imenijia bila kuitafuta. Nikisema "Écoutez!", watoto wanatega sikio. Nawapa vitenzi hivi kwanza kwa amri, kwa sababu amri inatiiwa kwa mwili kabla ya ulimi: Regarde! Écoute! Touche! Goûte! Sens! Hiyo ya mwisho inahitaji uangalifu. "Sens" ya amri haitamkwi s ya mwisho, lakini katika "les cinq sens", hisi tano, s hiyo inasikika waziwazi.

Kwenye harufu, Kiswahili ni tajiri kuliko wengi wetu tunavyokumbuka. Marashi yananukia, dampo linanuka. Herufi moja imekwisha kutoa hukumu. Kifaransa kinatumia sentir kwa vyote viwili na kuacha hukumu kwa neno linalofuata: ça sent bon, ça sent mauvais. "Bon" hapa haibadiliki, hata kitu kikiwa cha kike: la rose sent bon, kamwe si "bonne". Na ukitaka kutaja chanzo cha harufu, unaliweka jina lake moja kwa moja: ça sent la cardamome. Binti wetu wa iliki, baada ya kusahihishwa kwa upole, aliirudia sentensi hiyo mara mbili, kisha akaongeza ya kwake: "Ça sent comme chez bibi." Pananukia kama kwa bibi. Sentensi hiyo hakuitoa kitabuni, wala mimi sikuwa nimemfundisha.

Ladha ina mitego yake miwili. Wa kwanza ni "tamu". Kwetu sukari ni tamu na pilau nayo ni tamu, kwa hiyo mtoto anayesifia mapishi ya mama yake husema "le pilau est sucré", na Mfaransa anashangaa ni nani aliyetia sukari kwenye wali. Kusifu ni "c'est bon" au "c'est délicieux". "Sucré" ni ya sukari. Mtego wa pili ni "kali": pilipili kali, ndimu kali, kisu kikali, mbwa mkali. Kifaransa kinazitenganisha: piquant, acide, tranchant, méchant. Darasani mbili za kwanza zinatosha, na kipande cha ndimu ulimini kinafundisha "acide" kwa nguvu isiyopatikana kwenye picha yoyote. Naongeza chumvi kwa ajili ya "salé" na nyanya chungu kwa ajili ya "amer". Huko Ufaransa kwenyewe kuna la Semaine du Goût, Wiki ya Ladha, inayofanyika kila Oktoba, ambapo wapishi huingia madarasani na watoto huonja na kutaja wanachoonja. Sisi viungo tunavyo jikoni mwaka mzima.

Kwenye kugusa, neno la kuchungwa ni "laini". Shuka ni laini, kioo ni laini, mkate ni laini. Mfaransa atasema doux kwa shuka, lisse kwa kioo, mou kwa mkate. Hapa maelezo hayasaidii sana, vidole vinasaidia. Naweka kwenye mfuko wa kitambaa pamba, ushanga mkubwa, sifongo na kipande cha kifuu cha nazi, ambacho ni rugueux, kinachokwaruza. Mtoto anaingiza mkono, anapapasa, anasema kabla ya kutoa.

Namna ya kuyafundisha maneno haya ina historia. Daktari Mfaransa Édouard Séguin (1812–1880), aliyejitolea kufundisha watoto wenye ulemavu wa akili, aliamini kwamba elimu yao ianzie kwenye hisi. Maria Montessori wa Italia, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto jijini Roma mwaka 1907, alichukua kwa Séguin somo la hatua tatu ambalo hadi leo sijaona la kulizidi. Hatua ya kwanza, mwalimu anataja huku mtoto anagusa: "C'est lisse. C'est rugueux." Hatua ya pili, mwalimu anaagiza na mtoto anachagua: "Donne-moi ce qui est rugueux." Hatua ya tatu, mwalimu anauliza na mtoto anataja: "C'est comment?" Wengi wetu tunaruka kutoka ya kwanza hadi ya tatu, kisha tunalalamika kwamba watoto hawashiki. Hatua ya katikati ndiyo inayopaswa kuchukua muda mrefu kuliko zote, maana hapo mtoto anaelewa bila kulazimishwa kutamka.

Kuna tahadhari chache. Waulize wazazi mapema kuhusu vyakula vinavyomdhuru mtoto. Usimnusishe mtu unga wa pilipili. Asiyetaka kufungwa kitambaa, afumbe macho. Na kama darasani yumo mtoto asiyeona au asiyesikia, usiwakaririshe wote "avec mes yeux, je vois" kana kwamba kila mwili ni mmoja. Kila mtoto ajenge sentensi kwa milango aliyonayo. Hapo nawasimulia juu ya Louis Braille, mtoto wa Kifaransa aliyezaliwa mwaka 1809, akapoteza macho utotoni, na mwaka 1829 akachapisha maandishi ya nukta nundu yanayosomwa kwa ncha za vidole. Lire avec les doigts, kusoma kwa vidole: watoto huirudia sentensi hii kwa heshima.

Majina ya hisi yaje mwisho, na yakija kwa wakati huo ni mepesi. La vue inatokana na voir, le goût ni ndugu wa goûter, le toucher ni kitenzi chenyewe kilichogeuzwa jina. Yanabaki mawili yasiyofanana na vitenzi vyake: l'odorat, na l'ouïe, inayotamkwa sawa na "oui" ya kukubali na iliyobaki kutoka kwenye ouïr, kitenzi cha zamani cha kusikia ambacho Wafaransa karibu wamekiacha.

Mzazi asiyejua Kifaransa asijione hana mchango. Jioni, chungu kikiwa motoni, muulize mwanao kwa Kiswahili: unasikia harufu gani? Inanukia au inanuka? Ukionja, ni chachu au ni chungu? Mtoto aliyezoea kupambanua kwa lugha ya nyumbani anakuja kwangu akiwa na jambo la kusema. Nami mwalimu, kabla ya kumfunga mtu kitambaa, naandika "kusikia" katikati ya ubao na kuliacha hapo hadi wiki iishe, ili kila anayetaka kusema j'entends alitazame kwanza na kuchagua mshale wake.