MTI WA CHOA: NGUVU YAKE NA HATARI YAKE

Ninyi watu wa vijiji vilivyo karibu na migodi, sikieni habari za mti mmoja. Kwa Kifaransa huitwa dartrier, na wenye elimu ya mimea huuita Senna alata. Sisi tutauita mti wa choa, kwa sababu ya kazi yake. Wengi wanao karibu na nyumba, lakini si wote wanaojua kuutumia vizuri. Asiyejua huweza kujidhuru.

1. Mti huu ni wa namna gani?

Asili yake ni nchi za joto za Amerika, lakini umeenea katika Afrika. Hupenda udongo wenye maji. Kimo chake ni mita 1 mpaka 4. Maua yake ni ya manjano, nayo husimama wima kama mishumaa. Ganda la mbegu lina mabawa manne. Tazameni mabawa hayo, msikosee mti.

2. Nguvu yake inatoka wapi?

Ndani ya majani mna vitu vinavyoitwa antrakinoni. Kitu cha kwanza cha ukoo huu kina chembe 14 za kaboni, 8 za haidrojeni na 2 za oksijeni. Kaboni hushikana na kufanya pete tatu zilizopangwa mstari mmoja, kila pete ina pande sita, kama matundu matatu ya sega la nyuki. Ndugu za ukoo huu ni wengi. Katika mti wa choa wamo reini, aloe-emodini na krisofanoli. Utomvu mchungu wa manjano ulio chini ya ngozi ya shubiri ni wa ukoo uo huo.

Rangi ya vitu hivi ni ya manjano au ya machungwa. Mwaka 1880 Bornträger alionyesha namna ya kuvitambua: vikitiwa katika maji ya amonia, hugeuka vyekundu. Kwa dalili hiyo wataalamu huvitafuta katika mimea.

3. Kutibu choa

Choa si uchawi wala si damu mbaya. Ni kuvu, ndugu ya ukungu unaoota juu ya mkate wa zamani. Huota katika ngozi yenye jasho. Mtu anayevaa viatu vya mpira mchana kutwa hukipata katikati ya vidole vya miguu. Kisha kitambaa, kitana na mkeka hukipeleka kwa mke na watoto.

Antrakinoni za mti huu huzuia kuvu kukua. Basi fanyeni hivi. Chumeni majani mabichi, yaosheni, yatwangeni. Osheni mahali penye choa kwa sabuni, pakausheni sana, kisha pakeni majani hayo asubuhi na jioni. Msiache siku choa kinapoanza kufifia, maana kuvu huweza kubaki katika ngozi. Ngozi ikiwaka au ikivimba, acheni. Msipake juu ya kidonda wala karibu na macho.

Lakini mtoto mwenye choa cha kichwa apelekwe kwa mganga wa dispensari. Kuvu hiyo imeingia katika mizizi ya nywele, na dawa ya kupaka haiifikii. Inatakiwa dawa ya kumeza.

4. Kunywa dawa hii kuna hatari

Watu wengine huchemsha majani na kunywa wakifunga choo. Ni kweli majani huharisha. Jueni sababu yake. Katika jani antrakinoni nyingi zimefungwa pamoja na sukari. Hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila kufanya kazi. Zikifika utumbo mpana, vijidudu vinavyokaa humo hukata ile sukari. Hapo ndipo nguvu inapoamka: utumbo hujikaza, na maji hayarudi mwilini. Kwa hiyo dawa hukawia saa 6 mpaka 12.

Mtu asiyejua hilo hunywa kikombe kimoja, akiona hakuna kitu hunywa cha pili na cha tatu. Usiku vyote huamka pamoja. Maji na chumvi za mwili hutoka, miguu hulegea, hata moyo huweza kupiga vibaya. Yeye husema, "Ugonjwa unatoka." Sivyo, nguvu yake ndiyo inayotoka.

Basi shikeni maneno haya:
Mwanamke mwenye mimba asinywe.
Mtoto asinyweshwe.
Mtu mwenye maumivu makali ya tumbo na kutapika asinywe kabisa. Huenda utumbo wake umeziba, na dawa ya kuharisha huweza kumwua. Mpelekeni hospitali upesi.
Mtu yeyote asiizoee kila siku. Mwaka 2002 Marekani iliondoa dawa za kuharisha za shubiri katika zile zinazouzwa bila cheti cha mganga, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa.

5. Kuupanda

Pandeni mbegu mwanzo wa mvua, mahali penye jua na unyevu. Mti mmoja au miwili yatosha nyumba moja. Mkiweka majani ya akiba, yaanikeni kivulini.

Mti huu ni rafiki wa ngozi yenu. Lakini rafiki hukaa uani, haingii kila chumba. Upakeni, msiunywe ovyo.