Diski Mpya Haionekani: Tufanye Nini?

Hivi karibuni tuliongeza diski mbili kwenye kompyuta ya maktaba yetu. Moja ilikuwa mpya kabisa kutoka dukani. Nyingine tuliitoa kwenye kompyuta ya zamani iliyokufa, nayo ilikuwa na picha za kurasa za daftari la ubatizo la parokia jirani. Daftari lenyewe limeliwa na mchwa. Waamini wanaotaka kufunga ndoa bado wanahitaji cheti cha ubatizo, na kumbukumbu pekee iliyobaki ni picha hizo.

Tulipowasha kompyuta na kufungua ukurasa wa mafaili, hatukuona diski hata moja kati ya hizo mbili. Nusura tufute kila kitu. Tunaeleza hapa tulichojifunza.

Jambo la kwanza ni kwamba kutoonekana si kutokuwepo. Diski hupita ngazi kadhaa kabla ya kuonekana, na kazi yetu ni kujua imekwama wapi.

1. Nyaya

Zima kompyuta, chomoa umeme, kisha ifungue. Diski ya aina ya SATA huhitaji nyaya mbili: mwembamba wa kupitisha data, unaokwenda kwenye ubao mkuu, na mwingine mpana zaidi wa umeme. Zichomeke upya zikaze. Halafu washa na uingie kwenye mipangilio ya BIOS, mara nyingi kwa kubonyeza F2 au Delete kompyuta inapoanza kuwaka. Jina la diski likiwepo, nyaya ziko sawa. Lisipokuwepo, jaribu waya mwingine au tundu jingine, kwa maana Windows haiwezi kuona kisichoonwa na kompyuta yenyewe.

2. Kuandaa diski mpya

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, uchague "Disk Management". Hapa huorodheshwa diski zote, hata zisizo na herufi. Diski mpya huwa na maneno "Not Initialized", yaani bado haina jedwali la kuonyesha sehemu zake. Utaulizwa uchague MBR au GPT. Kwa kompyuta za sasa chagua GPT, kwa sababu MBR kwa kawaida huishia TB 2. Kisha bofya kwa kitufe cha kulia eneo lililoandikwa "Unallocated", chagua "New Simple Volume", kubali NTFS na uipe herufi. Diski yetu mpya ilionekana papo hapo.

3. Herufi iliyokosekana

Wakati mwingine diski ina mafaili yake salama, ila haina herufi. Bofya sehemu yake kwa kitufe cha kulia, chagua "Change Drive Letter and Paths", kisha "Add". Hakuna kinachofutwa.

4. Diski yenye historia

Ile ya zamani ilitutia jasho. Iliorodheshwa kuwa na sehemu nzima, lakini tulipoibofya, chaguo pekee la maana tulilopewa lilikuwa "Delete Volume", yaani kufuta. Frateri mmoja alisema, "Basi haina kitu, tuifute tuanze upya." Mwingine akauliza, "Kwani ile kompyuta ilikuwa na Windows?"

Haikuwa nayo. Ilikuwa na Ubuntu, ambayo ni Linux, na Linux mara nyingi huhifadhi mafaili kwa mpangilio uitwao ext4, ambao Windows peke yake haiusomi. Tuliwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, tukaifungua diski, na kurasa zote zilikuwemo. Tukazinakili kwenye diski mpya, kwa kuwa Ubuntu husoma na kuandika NTFS bila shida.

Katika somo la mantiki tunaonywa tusiruke kutoka "sikioni" hadi "hakipo". Siku ile nusura turuke. Basi diski ya dukani iandae bila hofu. Lakini diski iliyowahi kutumika, uliza kwanza imetoka kwenye kompyuta gani, na usikubali kufuta wala kufomati kabla ya kupata jibu.

Picha zile sasa ziko kwenye diski zote mbili, na nakala ya tatu tumeikabidhi parokia.