Je, wajua? Bega la kondoo huiva kwa mvuke wake lenyewe

Kondoo akisimama, zaidi ya nusu ya uzito wake hubebwa na miguu ya mbele. Mbele ndiko kuliko na kichwa, shingo na kifua, na misuli ya huko haipumziki: mnyama anainama kung'ata nyasi, anainuka, anainama tena mchana kutwa. Kwa hiyo nyama ya begani ni ngumu, ina mishipa na utando mwingi, na buchani mara nyingi inauzwa kwa bei nafuu kuliko paja. Ndiyo nyama inayofaa zaidi kwa kleftiko, mlo wa Kigiriki wa kondoo, viazi, kitunguu saumu, limau, mafuta ya zeituni na oregano, vyote vikafungwa ndani ya karatasi na kuachwa kwenye oveni kwa saa kadhaa.

Anayeupika nyumbani kwa mara ya kwanza hudhani siri iko kwenye viungo. Lakini hebu vihesabu: ni vichache mno kuwa na siri yoyote. Kazi yote inafanywa na mvuke usio na pa kutokea, na muda.

Tuanze na ule utando mweupe unaouona ukikata bega mbichi, unaonata kwenye kisu na kuvutika bila kukatika. Hiyo ni kolajeni, protini inayoshikanisha nyuzi za msuli. Nyama ikipata joto, protini za nyuzi zenyewe ndizo zinazobadilika kwanza, kuanzia kama nyuzi 50 za Selsiasi. Zikifika 60 na kuendelea, kolajeni nayo inajikunja na kuikamua nyama, maji yanatoka. Karibu na nyuzi 70 bega liko katika hali yake mbaya kabisa: kavu, gumu, la kijivu. Hapa ndipo wapishi wengi wageni hukata tamaa. Wanafunua baada ya saa moja na nusu, wanachoma kwa uma, uma unagoma, wanasema nyama imepitiliza. Haijapitiliza. Haijaiva. Kolajeni inahitaji kukaa muda mrefu juu ya nyuzi 70, na hasa kati ya 80 na 95, ndipo ilegee na kugeuka jelatini, ile laini inayonata midomoni. Maji yaliyokwisha kukamuliwa hayarudi kwenye nyuzi, ila jelatini na mafuta huzilainisha hata usijue kuwa yamepungua.

Paja ni habari nyingine. Lina utando mchache, na wengine hulichoma mpaka nyuzi 60 tu, likiwa bado jekundu katikati. Wagiriki wengi hawaitaki nyama ya namna hiyo. Kwao kondoo huiva mpaka aachane na mfupa.

Simulizi ya asili ya mlo huu ni ya wezi. Wakati Ugiriki ilipokuwa chini ya Dola ya Uthmaniya, milimani waliishi watu wenye silaha walioitwa klefte, nusu majambazi na nusu wapiganaji, ambao baadaye wengi wao walipigana katika vita vya uhuru vilivyoanza mwaka 1821. Husimuliwa kwamba waliiba kondoo wa wafugaji, wakachimba shimo, wakaweka makaa na nyama, kisha wakafukia kwa udongo ili moshi na harufu visiwachongee kwa askari waliowasaka. Kama ilikuwa hivyo kila mara, hiyo ni kazi ya wanahistoria. Kwa upande wa fizikia hadithi haina kasoro. Shimo lililozibwa halipotezi mvuke, na penye maji na mvuke joto halipandi juu ya nyuzi 100 hata makaa yawe makali namna gani. Mwizi anaweza kuiacha nyama usiku kucha akaikuta haijaungua.

Oman wanajua jambo hilo bila kufundishwa na Mgiriki. Shuwa ya sikukuu ya Idi ni nyama iliyopakwa viungo vingi, ikafungwa kwa majani ya mgomba au ya mtende, ikatiwa kwenye vifuko vya makuti na kuzikwa shimoni kwa siku moja au mbili. Viungo vyake havifanani kabisa na vya kleftiko, lakini kinachotokea shimoni ni kile kile.

Jikoni mwako shimo ni karatasi ya kuokea. Tandika vipande viwili virefu kwa mkingamo kwenye trei, weka viazi vilivyokatwa vinene chini na bega juu, kisha kunja kingo pamoja mara mbili tatu na ufunge kwa uzi. Bega la kilo 2 lenye mfupa linataka chumvi kama gramu 20, na ni vizuri ulipake chumvi hiyo tangu jana yake, kwa sababu chumvi hupenya polepole mpaka ndani. Limau haifiki huko. Asidi yake hupita milimita chache tu, na ukiloweka muda mrefu mno juu panakuwa kama uji huku ndani hakuna lililobadilika. Oveni iwe nyuzi 160, saa tatu na nusu hadi nne. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, tafuta 90 hadi 95 katikati. Usipokuwa na oveni, tumia sufuria nzito, ziba mfuniko kwa unga uliokandwa, weka makaa machache chini na mengine upalie juu ya mfuniko. Mpishi wa pwani anayepalia wali hatahitaji maelezo zaidi.

Mvuke una upungufu mmoja: haukaushi ngozi ya nyama. Rangi ya kahawia na harufu ya kuchoma huja pale uso wa nyama unapokauka na kufika kama nyuzi 140, jambo lisilowezekana palipo na unyevu. Kwa hiyo nusu saa ya mwisho fungua karatasi, pandisha oveni hadi 200, acha juu pabadilike. Soma kwanza boksi la karatasi ili ujue inavumilia joto kiasi gani.

Viazi navyo vina hadithi ya wizi, na hii naipenda kuliko ile ya kondoo. Viazi vinatoka Amerika ya Kusini, na Ugiriki vilienea baada ya Ioannis Kapodistrias, kiongozi wa kwanza wa taifa hilo huru, kuvileta Nafplio mwishoni mwa miaka ya 1820. Inasemekana watu walivikataa. Akaamuru vimwagwe bandarini na vilindwe na askari, askari wakaambiwa kimya kimya wasione kitu. Watu wakafikiri kinacholindwa lazima kina thamani, wakaviiba vyote. Kapodistrias aliuawa mjini humo humo mwaka 1831, viazi vikabaki. Basi wale klefte wa zamani hawakuwa na viazi kwenye mashimo yao. Hicho ni kiungo cha baadaye.

Katika mlo huu viazi vingepaswa kupondeka kabisa, saa nne si mchezo. Vinaokolewa na limau. Chembe za kiazi zimegandishwa na pektini, na pektini haivunjiki upesi penye asidi. Ndiyo maana viazi vya Kigiriki hutoka vizima, vimelowa mchuzi, lakini ukivibana kwa ulimi vinayeyuka.

Kuna wasiokula kondoo kwa sababu ya harufu. Harufu hiyo haiko kwenye nyama hasa, iko kwenye mafuta, katika asidi za mafuta zenye matawi ambazo ng'ombe hana za kutosha kunuka hivyo. Huongezeka umri ukienda, kwa hiyo mwanakondoo wa chini ya mwaka mmoja hunukia kidogo. Wagiriki huchinja wadogo kwa sababu nyingine kabisa: kondoo wao wengi hufugwa kwa maziwa, na jibini ya feta kisheria lazima iwe na angalau asilimia 70 ya maziwa ya kondoo. Madume hayana kazi kwenye maziwa. Yanaishia mezani, hasa Pasaka, baada ya mfungo mrefu wa Waorthodoksi usio na nyama. Kondoo wengi wa Afrika Mashariki, kama yule mwekundu wa Kimaasai, huweka akiba ya mafuta mkiani na matakoni, basi bega lake lina mafuta machache na harufu yake ni rahisi kuidhibiti. Yale mapande meupe ya nje yakate tu.

Oregano nunua iliyokauka. Mafuta yake ya kunukia, ambayo kwa oregano ya Kigiriki yana kavakroli nyingi, yamo kwenye vifuko vidogo juu ya jani, na jani likikauka maji ndiyo yanayotoka zaidi kuliko mafuta. Isugue kati ya viganja vyako juu ya nyama. Vifuko vitapasuka na utaisikia harufu mpaka sebuleni.

Pakua ikiwa moto na kwenye sahani zilizopashwa, maana mafuta ya kondoo huganda mapema, bado yakiwa vuguvugu, yakapaka mdomo mzima kama mshumaa. Mchuzi uliobaki chini ya karatasi usiumwage. Utie friji usiku, na asubuhi utaukuta tabaka mbili: juu mafuta meupe magumu, chini jeli inayotikisika, ambayo jana ilikuwa ule utando ulionata kwenye kisu. Mafuta yabandue uyatupe. Jeli ipikie maharage.